Mwendo wa Wacera

Mara ya kwanza Wacera kushiriki mbio za baiskeli, alirudishwa akiwa amelazwa nyuma ya pikapu, na baba yake alikuwa amesimama palepale ilipoegeshwa.

Hakuna aliyepanga hivyo. Mzee Mbuthia alikuwa ameteremka kutoka Ainabkoi na viazi vya soko, akamaliza kuuza mapema, akaamua apitie aone hayo mashindano ambayo binti yake alikuwa akimsimulia kwenye simu. Alikuwa hajawahi kuona mbio za baiskeli. Alisimama kando ya kamba, kofia mkononi, akauliza ni nani anayeongoza, na watu wakamweleza kwamba mbio hizi haziendi hivyo. Hizi ni mbio za saa. Kila mtu anaachiliwa peke yake, dakika moja baada ya mwenzake, anafuata barabara ya Moiben kilomita kumi na tano, anazunguka pipa lililowekwa barabarani, kisha anarudi alikotoka. Atakayetumia muda mfupi ndiye mshindi. Basi mzee akangoja. Waliotangulia mbele ya binti yake wakarudi, waliotoka nyuma yake wakarudi pia, na Wacera haonekani. Halafu ikaja ile pikapu.

Mama yake Wacera pia alirudishwa kwa pikapu, siku aliyoaga dunia. Alianguka katika shamba la viazi akiwa na miaka arobaini na miwili, Wacera akiwa kidato cha kwanza. Majirani walimkimbiza kwa pikapu ya kubebea maziwa, na pikapu hiyo ikarudi naye jioni kwa sababu hospitalini hapakuwa na la kufanya. Walisema ni moyo. Kwa hivyo Mzee Mbuthia alipouona mguu wa binti yake ukining'inia nyuma ya gari, hakupiga kelele wala hakukimbia. Aliketi chini kwenye vumbi, na mtu mmoja akadhani ni yeye mgonjwa, akamletea maji.

Wacera alikuwa ameshafumbua macho. Alitapika, akanywa soda, na kufikia saa kumi alikuwa akitembea mwenyewe. Lakini alikuwa ameuona uso wa baba yake pale chini, na huo ndio aliokwenda nao nyumbani.

Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Alifanya kazi mjini, katika duka la kuuza mbegu na dawa za mifugo, na alikaa mtaa wa Pioneer katika nyumba ya chumba kimoja na jiko. Baiskeli aliianza kwa sababu alichoka kupanda boda boda kila asubuhi na kugombana na waendeshaji. Kwanza alinunua ya kawaida, ya kwenda nayo kazini. Kisha mwanamume mmoja aliyekuwa akihamia Nakuru akamuuzia baiskeli ya mbio, nyepesi, yenye tairi nyembamba kama kidole, na tangu siku hiyo Wacera akawa mtu mwingine. Jumapili baada ya kanisa alikuwa barabarani. Alipenda kupita watu. Alipita wanaume waliobeba nyasi, alipita boda boda kwenye miteremko, na hata alipokuwa peke yake kabisa alipenda kujiona kama anamfukuza mtu aliye mbele.

Siku ya mashindano alikwenda hivyo hivyo. Alipoachiliwa alitoka kama mtu aliyeibiwa. Kilomita ya tano alikuwa amewapita wasichana wawili waliotangulia kutoka, na watu kando ya barabara wakampigia makofi. Kilomita ya kumi mapaja yakaanza kuwaka. Alipozunguka pipa hakuweza kuhisi vidole vya mikono. Kwenye mlima mrefu wa kurudi, karibu na kibanda cha kukusanyia maziwa, barabara ikawa nyeusi kuanzia pembeni mpaka katikati, na kitu alichokumbuka mwisho ni moyo wake ukigonga ndani ya masikio. Alijua ni nini hicho. Alikuwa akikingoja tangu kidato cha kwanza.

Wiki mbili baadaye alikwenda hospitali akapimwa. Walimlaza kwenye kitanda, wakampaka mafuta baridi kifuani na kumwonyesha moyo wake kwenye skrini, ukifunga na kufungua kama mdomo wa samaki. Daktari, mwanamume kijana mwenye haraka, alimuuliza habari za mama yake kwa utaratibu ambao Wacera hakuutarajia. Je, mama aliwahi kuugua koo na viungo alipokuwa mtoto? Alikuwa akichoka upesi? Wacera akakumbuka kwamba mama yake hakuwahi kupanda kilima cha shambani bila kusimama mara mbili. Daktari akasema basi huenda ulikuwa moyo ulioharibika tangu utotoni kwa ugonjwa ambao haukutibiwa, na huo mama hamwachii mtoto. Wake Wacera ulikuwa mzima. Akaandika hivyo kwenye karatasi na kupiga muhuri.

Wacera alimsomea baba yake karatasi hiyo kwenye simu, neno kwa neno. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Hiyo ni karatasi," akasema. "Mimi nilikuona na macho yangu."

Hakumwamuru kuacha. Alimuuliza tu kama atauza hiyo baiskeli, kwa sauti ambayo mtu hutumia kuuliza kama mvua itanyesha, na Wacera akasema atauza. Ukweli ni kwamba karatasi haikuwa imemtosha yeye pia. Kila alipopanda ngazi za duka akiwa amebeba gunia la chakula cha kuku, alisimama juu kusikiliza kifua chake.

Baiskeli ilikaa ukutani miezi miwili imefunikwa shuka. Mwishowe akaipeleka kwa Nabalayo isafishwe, apate kuiuza ikiwa katika hali nzuri.

Nabalayo alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, mrefu, mwenye mikono mikubwa isiyotoka mafuta hata akiiosha kwa sabuni ya unga. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza baiskeli pale Pioneer, karibu na mahali boda boda husimama, na wateja walijua kwamba ukimletea baiskeli chafu atakugombeza kabla ya kukusalimia. Zamani alikuwa mwendeshaji wa mbio. Hakuwa akisimulia sana habari hizo. Alikuwa na picha moja tu, yeye na wasichana wengine wawili wamevaa fulana zinazofanana, na ilikuwa imebandikwa nyuma ya mlango ambapo haionekani ila mlango ukifungwa.

Aligeuza baiskeli ya Wacera juu chini, akazungusha gurudumu, akauliza kwa nini kitu kizuri kama hiki kinauzwa. Wacera akamweleza. Alidhani ataeleza kwa ufupi, lakini Nabalayo alikuwa na maswali. Asubuhi hiyo alikula nini? Hakula kitu. Alikunywa maji? Kidogo. Kilomita ya kwanza alikuwa akipumua vipi? Wacera hakukumbuka. Na ya tano? Ya tano alikuwa akipumua kwa mdomo wazi, kwa nguvu zote.

Nabalayo alikaza nati.

"Wewe huna ugonjwa wa moyo," akasema. "Una ugonjwa wa kuogopa kuachwa nyuma. Mbio ya kilomita thelathini uliimaliza kwa kilomita tano, halafu hizo zingine ukawa unajiburuta tu. Hata trekta ikiendeshwa hivyo inazima."

Wacera akasema daktari pia alimwambia moyo ni mzima.

"Sasa unataka nani mwingine akuambie?"

Nabalayo akamwambia asiuze kwanza. Aje Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, awe amekunywa chai na kula, na hiyo saa ndogo ya kuonyesha spidi aliyoifunga kwenye usukani aiache nyumbani.

Jumamosi hiyo Wacera alimkuta Nabalayo barabarani amepanda Black Mamba, ile baiskeli kubwa nyeusi ya chuma ambayo watu hubebea kuni na mitungi ya maziwa. Haikuwa na gia hata moja. Nabalayo alikuwa amevaa koti na buti za mvua. Akamwambia sheria ni moja tu: leo Wacera asimpite.

Ilikuwa asubuhi ndefu kuliko zote. Wacera alikaa nyuma ya ile Black Mamba akiwa na gia ishirini asizozitumia, akiutazama mgongo wa koti. Watoto wa shule walicheka. Mwanamume aliyekuwa na mbuzi kwenye baiskeli aliwapita wote wawili, na Wacera akahisi miguu yake ikitaka kuondoka peke yake. Nabalayo hakugeuka. Alikwenda mwendo uleule kwenye tambarare, mwendo uleule kwenye miteremko midogo, na kwenye vilima akapunguza kidogo bila kuhema. Kila baada ya muda alimwambia Wacera ataje vitu vilivyo kwenye rafu ya dukani kwao, kuanzia kushoto.

Wacera akadhani ni mzaha. Lakini alitaja. Chumvi ya ng'ombe, dawa ya kupe, dawa ya minyoo, mbegu ya sukumawiki, mbegu ya kabeji, mbegu ya kitunguu, bomba la kunyunyizia dawa.

"Sawa," Nabalayo akasema. "Ukiweza kutaja rafu yote bila kukata pumzi, hujaharibu kitu. Ukifika kwa minyoo ukakwama, umekwenda mbio sana. Hiyo ndiyo saa yako."

Wakaenda hivyo saa nzima na nusu. Walipobakiza kilomita tano kufika Pioneer, Nabalayo akasogea kando akamwonyesha barabara kwa kidole. Wacera akapita. Akakanyaga, akashangaa kukuta miguu ipo. Ilikuwa imengoja wakati huo wote. Akapanda kilima cha mwisho akiwa amesimama juu ya pedali, na alipofika juu kifua chake kilikuwa kikigonga kweli kweli, lakini kiligonga kama mtu anayefanya kazi anayoijua. Alikaa juu ya kilima dakika nzima akikisikiliza. Kikapungua. Kikatulia. Alitokwa na machozi bila kuelewa yanatoka wapi, akayafuta kabla Nabalayo hajafika na ile Black Mamba yake.

Huo ukawa mwanzo. Miezi saba walifanya hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi. Haikuwa rahisi. Kuna siku Wacera alisahau kila kitu kwa sababu tu kijana mmoja wa boda boda alimpigia honi kwa dharau, akamfukuza mpaka miguu ikawa maji, na Nabalayo akamkuta amekaa kwenye nyasi. Hakumgombeza. Akamwambia kwamba yeye mwenyewe ilimchukua miaka minne kujifunza jambo hili, na kwamba alijifunza alipokuwa ameshaanza kuzeeka, baada ya kuacha mbio nyingi mahali ambapo hakuna mtu wa kukuokota. Kisha akamwuliza rafu inaanza na nini.

Polepole Wacera akaanza kulijua jambo lenyewe, si kwa kichwa bali kwa mwili. Akajua kwamba mwendo unaofaa mwanzoni unaonekana kama uvivu. Unajisikia una nguvu za kutupa, unataka kuzitumia, na hapo ndipo unapotakiwa kuzishika. Katikati mwendo uleule unaanza kuuma, na hupaswi kuuongeza wala kuupunguza. Mwishoni, ukiwa umekaa vizuri, ndipo unapofungua kila kitu. Aliyajua haya yote. Alichokuwa hajui ni kama ataweza kuyafanya siku ambayo kuna watu wanatazama.

Mashindano yalipotangazwa tena, barabara ileile, Wacera alijiandikisha. Kisha akakaa siku kumi bila kumwambia baba yake. Jumapili ya mwisho kabla ya mbio akapiga simu. Akamweleza kwamba hakuuza baiskeli, kwamba amekuwa akijifunza, na kwamba Jumamosi atashindana. Alisema pia kwamba anasikitika kwa kumficha.

"Haya," Mzee Mbuthia akasema, na simu ikakatwa.

Wacera alipiga tena Jumatano. Haikushikwa.

Asubuhi ya mbio kulikuwa na baridi na ukungu ulikuwa haujatoka kwenye mashamba ya ngano. Wacera alikula viazi vitamu na mayai mawili, akanywa chai, akaenda. Wanawake walikuwa kumi na wanne. Aliyeshika saa na orodha ya majina alikuwa Bilal, kijana mwenye duka la vipuri mjini, aliyekuwa na sauti kubwa isiyohitaji spika. Aliyepangwa kutoka dakika moja baada ya Wacera aliitwa Lynette, msichana wa miaka ishirini na mbili mwenye mapaja kama ya mkimbiaji, na alikuwa akirukaruka mahali pamoja kama maji ya kuchemka. Wacera akamtazama akajua huyu atampita. Akajua pia ni lini: mapema, watu wakiwa bado wanaona.

Nabalayo alikuja akakaza mkanda wa kofia ngumu ya Wacera kidevuni, ingawa ulikuwa umekaza.

"Akikupita, mwache aende," akasema. "Usimwangalie hata viatu."

Bilal akahesabu kutoka tano kushuka, akamwachilia.

Wacera akatoka, na mwili wake wote ukataka kufanya yale ya mwaka uliopita. Barabara ya kwenda ilikuwa na miteremko zaidi, na miteremko inadanganya. Akajizuia. Akaanza rafu: chumvi ya ng'ombe, dawa ya kupe, dawa ya minyoo. Akafika kwenye bomba bila kukwama, akajiona mjinga, kama mtu anayetembea kwenye mazishi. Moyo ulikuwa ukienda. Aliusikia, na kila alipousikia hofu ya zamani ikainua kichwa. Akaiambia ingoje.

Kilomita ya sita akasikia magurudumu nyuma. Lynette akampita kwa kasi iliyomfanya Wacera ayumbe, akaona mgongo wa fulana nyekundu ukienda, ukienda. Kundi la watu waliosimama nje ya hoteli ya kando ya barabara wakamshangilia Lynette, na mmoja akamwambia Wacera, kwa nia njema, aongeze bidii mama. Miguu ikamwashwa. Kwa muda wa pumzi tatu alikuwa amekwisha kuinuka kwenye kiti. Kisha akakaa. Lilikuwa jambo gumu kuliko mlima wowote, kule kukaa, na hakuna aliyeliona.

Kilomita ya tisa akapita kile kibanda cha maziwa, upande wa kushuka. Aliutambua ule mlango wa mabati. Aliangalia mbele tu.

Kwenye pipa alizunguka vizuri, bila kusimama. Sasa barabara ikaanza kupanda na upepo ukamjia usoni. Mwendo uleule aliokuwa akiuonea haya sasa ukaanza kuuma. Akajaribu rafu, akakwama kidogo kwenye mbegu ya kabeji, akapunguza gia moja, akaendelea. Akapita msichana mmoja aliyekuwa ameshika tumbo. Akapita mwingine, ambaye hakuinua hata macho. Hakuwafukuza. Walikuwa tu wakirudi nyuma wenyewe.

Halafu mlima mrefu ukafunguka mbele yake, na juu, karibu na kibanda cha maziwa, akamwona mtu amesimama peke yake kando ya lami na mwavuli mweusi uliofungwa. Hapakuwa na mtazamaji mwingine kilomita nzima. Boda boda iliyomleta ilikuwa ikigeuza kurudi. Hata kabla ya kuuona uso alimjua kwa kofia.

Mwaka uliopita dereva wa pikapu alikuwa amemweleza Mzee Mbuthia mahali alipomwokota Wacera. Mzee alikuwa amekuja kusimama hapo.

Wacera akajua kwamba kulia na kupanda mlima haviwezekani pamoja. Akapumua. Akahesabu pedali. Baba yake alikuwa amepiga hatua moja kuingia barabarani, mikono mbele kidogo, kama mtu anayejiandaa kudaka mtoto. Midomo yake ilikuwa imefungwa. Macho yake hayakuwa kwenye baiskeli; yalikuwa kifuani pa Wacera.

Alipokaribia, Wacera akainua kichwa.

"Baba, niko sawa," akasema. "Ona, naweza kuongea. Niko sawa kabisa. Panda boda, uje kule mwisho, tunywe chai."

Aliyasema yote hayo bila kukata pumzi. Mikono ya mzee ikashuka. Wacera alipokuwa ameshapita alisikia nyuma yake sauti ikimwita mwenye boda boda arudi, sauti kali, ya mtu aliyerudishiwa nguvu.

Kutoka hapo zilibaki kilomita tisa, na Wacera hakuwahi kuendesha baiskeli hivyo maishani. Haikuwa kwamba haiumi. Iliuma kila mahali. Lakini alikuwa amepita pale, na pale palikuwa nyuma, na moyo ulikuwa ukigonga kwa nguvu zake zote na kila pigo lilikuwa pigo zima. Kwa mara ya kwanza hakuwa akiusikiliza kama mtu anayesikiliza mlango. Kilomita tano za mwisho akafungua. Akasimama juu ya pedali, akaliacha lile alilolishika asubuhi nzima liende. Kilomita ya ishirini na saba akaiona fulana nyekundu. Lynette alikuwa akiyumba kushoto na kulia, mabega yanapanda na kushuka. Wacera akampita, na alipompita akamwambia ashushe gia, asisimame, kumebaki kidogo.

Akavuka mstari akiwa ameketi, akapiga breki, akashuka kwa miguu yake mwenyewe. Alisimama akiwa ameegemea usukani, akacheka peke yake, kicheko chembamba kisicho na sauti, na Nabalayo akamletea maji.

Lynette alifika sekunde ishirini baadaye. Bilal akasoma majina. Wacera alikuwa wa tano, dakika hamsini na tano na sekunde arobaini. Lynette alikuwa wa nne. Ilibidi Wacera afikiri kidogo ndipo akumbuke: Lynette alitoka dakika moja nyuma yake, kwa hivyo pamoja na kumpita barabarani, kwa saa Lynette alikuwa bado amemshinda kwa sekunde arobaini. Mwaka uliopita jambo hilo lingemkosesha usingizi mwezi mzima. Sasa alimwona Lynette amelala chali kwenye nyasi, uso wa kijivu, akaenda akamkalisha na kumpa maji yaliyobaki.

Nabalayo alikuwa ameikagua baiskeli kana kwamba ndiyo iliyokimbia.

"Umebakisha," akasema. "Kama sekunde arobaini hivi. Ulifungua ukiwa umechelewa. Hiyo tutarekebisha."

Lakini alikuwa akitabasamu, jambo ambalo Wacera alikuwa hajaliona, na meno yake ya mbele yalikuwa na mwanya mzuri.

Boda boda ikafika, maana njiani ilikatazwa kuwapita washindani. Mzee Mbuthia alishuka polepole, akamlipa mwendeshaji, akaja mpaka aliposimama binti yake. Hakumkumbatia, hawakuwa watu wa kukumbatiana. Aliweka kiganja mgongoni mwake, kati ya mabega, akakiacha hapo kwa muda, na Wacera akaelewa kwamba anahisi kama moyo unapiga. Akasimama amalize.

"Unapiga," mzee akasema mwishowe.

"Unapiga, baba."

"Nilitaka tu kwamba ukianguka tena, usianguke mbele ya wageni peke yao."

Wacera akasema anajua. Akamjulisha kwa Nabalayo, na wale wawili wakapeana mikono, wakatazamana, na Mzee Mbuthia akamuuliza kama kule kwao hupanda viazi, kwa sababu anayo mbegu nzuri msimu huu na angependa kumletea gunia. Nabalayo akasema kwao ni mahindi na miwa, lakini gunia hawezi kulikataa.

Walikunywa chai katika hoteli moja karibu na barabara, na mzee akala chapati tatu. Kisha Wacera akampeleka nyumbani kwake Pioneer apumzike kabla ya kupata gari la Ainabkoi. Alikuwa hajawahi kuingia humo. Alitazama jiko, akatazama dirisha, akajaribu kitasa cha mlango, akasema panafaa. Akaketi kwenye kochi. Wacera alikwenda kuteka maji ya kuoga, na kwa mlango wazi alimsikia baba yake akisema kwamba tangu ile Jumapili ya simu hajapata usingizi hata siku moja, alikuwa akilala akiona pikapu. Alisema kama mtu anayetaja jambo la zamani. Wacera akamjibu kitu kutoka bafuni, hakupata jibu, akarudi na taulo mkononi.

Mzee alikuwa amelala, kichwa nyuma, mdomo wazi kidogo, kofia imeanguka sakafuni. Ilikuwa saa sita mchana na nje mtu alikuwa akiita wateja wa nyanya. Wacera akapiga magoti kwa shida, mapaja yakilalamika, akafungua kamba za viatu vya baba yake na kumvua kimoja baada ya kingine. Hakuamka. Akamwinulia miguu kwenye kochi, akachukua blanketi kitandani akamfunika mpaka kifuani. Kisha akavuta pazia nusu, akaenda kuoga.